Vitegemewa: Safari ya Takwimu za Rungwe kutoka Daftari hadi Seva

Mvua ya Tukuyu haina haraka. Huanza alfajiri, ukungu ukiwa bado umeukalia Mlima Rungwe, ikaendelea hadi mchana bila kupandisha wala kushusha sauti. Mwisho wa mwezi, muuguzi wa zahanati ya huko juu Isongole, au ya huko chini Masoko, hufunga dirisha ili karatasi zisilowe, kisha hufungua Kitabu namba 5 cha MTUHA. Humo mna wagonjwa wa nje wa mwezi mzima: tarehe, umri, jinsi, kijiji, ugonjwa. Huwahesabu kwa kalamu. Homa wangapi, kuhara wangapi, chini ya miaka 5 wangapi. Jumla huandikwa kwenye fomu, fomu hushuka Tukuyu kwa bodaboda au kwa gari la abiria, na ofisini kwa Mratibu wa MTUHA wa wilaya nambari zile huingizwa kwenye kompyuta, kwenye mfumo uitwao DHIS2.

Tunazoea kusema kwamba mfumo huo ni wa Wizara ya Afya, na kisheria ndivyo ulivyo. Lakini nambari iliyoandikwa Isongole, kabla ya kutua kwenye seva ya taifa, hupita katika msimbo wa maelfu ya watu ambao hawajawahi kuisikia Rungwe, na ambao Rungwe haijawahi kuwasikia. Nataka kusimulia jinsi watu hao walivyoingia ndani ya mfumo wetu, na kilichotupata pale mmoja wao alipokosea.

Vipande hivi vya msimbo wa watu wengine, ambavyo programu haiwezi kwenda bila hivyo, baadhi ya wataalamu wetu huviita vitegemezi. Mimi napendelea vitegemewa, kwa kuwa anayetegemea ni sisi.

Wilaya hii ina uzoefu wa vitu vilivyotoka mbali. Chai ililetwa Kyimbila na Wajerumani mwaka 1904, miaka miwili baada ya kupandwa Amani kule Usambara. Mche ule ulitoka Asia, ukakuta udongo wa volkano na mvua isiyochoka, ukashika. Anayepita leo barabara ya Mbeya kwenda Kyela akaona Katumba ilivyojaa kijani hawezi kufikiri kwamba zao hilo liliwahi kuwa geni. Hata hivyo, mkulima wa Katumba anajua kwamba chai ni ya kupogolewa. Ukiacha kuipogoa inapanda juu, inakuwa mti, na jani la kuchuma linakosekana. Miche iliyochoka hung'olewa, mingine ikapandwa. Kazi hiyo haina sherehe, na ndiyo inayoliweka shamba hai.

MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulianza katika miaka ya 1990 kama mfumo wa madaftari. Wakati huohuo, Afrika Kusini ilikuwa imetoka kwenye ubaguzi wa rangi mwaka 1994 na ilikuwa inatafuta njia ya kujua hali ya afya ya watu wote, wakiwemo wale ambao serikali iliyotangulia haikujali kuwahesabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo, akiwemo Jørn Braa, wakishirikiana na wenzao wa Cape Town, walianzisha mradi wa HISP. Mwishoni mwa muongo ule walikuwa na programu waliyoiita DHIS, iliyojengwa juu ya Microsoft Access.

Ilikuwa programu nzuri kwa wakati wake. Ilimpa mtu wa wilayani uwezo wa kuchora fomu zake mwenyewe, akaona takwimu zake kabla hazijapelekwa juu. Lakini ilikaa ndani ya kompyuta moja. Kila wilaya ilikuwa na nakala yake, data zikisafirishwa kwa disketi, na fomu ikibadilishwa ilibidi kila kompyuta ifikiwe. Tena ilikuwa imefungwa mguu kwa kampuni moja. Mahali pasipo na Access, DHIS haikuwepo. Toleo la Access likibadilika, programu iliyojengwa juu yake hulazimika kubadilika nalo, apende asipende mwenye wilaya.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliingia kwenye kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vijana wake walikwenda Oslo kusoma, wakarudi kufanya utafiti kwenye wilaya zetu. Honest Kimaro na Juma Lungo ni wawili kati yao. Mwaka 2005 Kimaro na mwenzake wa Msumbiji, José Nhampossa, walichapisha makala kuhusu sababu za mifumo ya afya ya nchi zetu kufa mapema. Walieleza jinsi mifumo inavyoletwa na wafadhili na kuandikwa na wataalamu wa nje, na fedha na wataalamu hao wakiondoka, hakuna anayebaki mwenye uwezo wa kuitunza. Nikiyasoma leo maneno yale nahisi waliona mbali. Walikuwa wanazungumzia mashirika na mikataba, lakini ugonjwa waliouchunguza unaishi pia ndani ya msimbo wenyewe.

Mwaka 2004 Oslo walianza kuandika DHIS upya, wakataka kuachana kabisa na Microsoft. Walichagua lugha ya Java na wakaamua programu itumike kwa kivinjari, ili data zikae mahali pamoja na kila wilaya izifikie kwa intaneti. Timu ilikuwa ndogo, na wengi walikuwa wanafunzi. Kama wangeandika kila kitu kwa mikono yao, kuanzia namna ya kuzungumza na kanzidata hadi namna ya kuchora ukurasa, wangekuwa bado wanaandika. Wakafanya kama seremala afanyavyo, ambaye hafui misumari yake. Kwa kuongea na kanzidata walichukua Hibernate, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Gavin King. Kwa kuunganisha sehemu za programu walichukua Spring, iliyotokana na msimbo wa kitabu alichokitoa Rod Johnson mwaka 2002. Kwa kurasa za kivinjari walichukua WebWork. Na ili kuvikusanya vyote walitumia Maven.

Maven inahitaji maelezo kidogo, maana hapo ndipo historia hii inapogeukia. Kuazima msimbo ni jambo la kale kama kompyuta zenyewe. Cambridge, Uingereza, mwaka 1949, mashine ya EDSAC ilikuwa na kabati la tepu za karatasi zilizotobolewa. Kila tepu ilibeba hesabu fulani iliyokwisha kuandikwa, na aliyehitaji alinakili tepu ile ndani ya kazi yake. Aliyenakili alijua alichokichukua, kwa kuwa alikishika mkononi. Maven iliondoa mkono. Unaandika kwenye faili moja, pom.xml, kwamba unataka Hibernate toleo fulani, na Maven huenda yenyewe kwenye ghala kuu la intaneti ikaileta. Hibernate nayo ina vitegemewa vyake. Maven huvileta na hivyo. Vile navyo vina vyao. Ulikaribisha mgeni mmoja, na jioni unakuta ukoo mzima sebuleni, kila mmoja akiwa na ufunguo wa nyumba.

Sisemi hivi kwa kulaumu. Bila ukoo huo DHIS2 isingekuwepo. Jimbo la Kerala, India, lilianza kuitumia mwaka 2006. Mwaka 2011 Kenya ikawa nchi ya kwanza katika Afrika kusini mwa Sahara kuieneza nchi nzima kwa njia ya intaneti, na kufikia mwaka 2013 Tanzania nayo ilikuwa imeifikisha wilaya zote. Rungwe ikaacha kusafirisha faili na kuanza kuandika moja kwa moja kwenye kanzidata ya taifa, umeme na mtandao vikiruhusu. Sehemu yetu ya Busokelo ilipopewa halmashauri yake, vituo vya Mwakaleli na Kandete vilihamishwa chini ya jina jipya kwenye mfumo bila kwenda kugusa kompyuta ya mtu yeyote. Aliyewahi kuzunguka na disketi anaelewa ukubwa wa jambo hilo.

Lakini vitegemewa huzeeka. Huzeeka hata kama hakuna aliyevigusa, kwa kuwa dunia inayovizunguka inasogea. WebWork ndiyo iliyotangulia. Mwishoni mwa mwaka 2005 wenye WebWork walikubaliana na wenye Struts kuunganisha kazi zao, na kilichozaliwa kikaitwa Struts 2. Jina la zamani likaachwa. DHIS2, kama programu nyingine nyingi zilizokuwa zimejengwa juu ya WebWork, ikafuata. Hayo yalikuwa mabadiliko ya amani: mwenye nyumba amehama, ametuachia anwani mpya, nasi tumemfuata.

Yaliyokuja baadaye hayakuwa ya amani. Machi 2017 iligundulika kwamba Struts 2 ilikuwa na tundu. Mtu aliyekaa popote duniani aliweza kutuma ombi lililopangwa kwa ujanja, na seva ikatekeleza amri zake. Kiraka kilitolewa tarehe 7 Machi. Kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza taarifa za mikopo za watu, haikukibandika kwenye mfumo wake mmoja. Wezi waliingia mwezi Mei, wakakaa ndani hadi mwishoni mwa Julai, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa. Kampuni ile haikukosa fedha wala watu, na kiraka kilikuwa cha bure. Kilichokosekana ni mtu wa kujua kwamba Struts imo ndani ya mfumo ule, na wa kuhakikisha imebadilishwa.

Naikumbuka habari ile kwa uchungu kwa sababu Struts 2 ilikuwa pia ndani ya mfumo unaobeba nambari za Isongole. Kosa lililoandikwa na mtu wa mbali kwenye maktaba ya bure ya msimbo liliunganisha hatima ya Equifax na hatima ya zahanati za Rungwe, na walio wengi upande wetu hawakujua kwamba undugu huo upo.

Desemba 2021 ikaja Log4j. Hapa nitakaa, kwa sababu sijaona mfano unaoeleza jambo hili vizuri zaidi.

Log4j ni maktaba ya Java yenye kazi moja ya unyenyekevu: kuandika kumbukumbu za matukio. Fulani ameingia saa fulani, ombi fulani limekataliwa, kosa fulani limetokea. Ni karani wa daftari la zamu. Kila programu kubwa inahitaji karani wa aina hiyo, na wengi walimchukua Log4j kwa kuwa alikuwa mzuri na hakutoza. Waliomtunza walikuwa watu wachache wa kujitolea wenye ajira zao nyingine, wakiifanya kazi ile usiku na mwisho wa wiki.

Miaka ya nyuma karani huyu alikuwa amepewa uwezo wa ziada. Akikutana na maneno yaliyopangwa kwa namna fulani ndani ya anachoandika, hakuishia kuyaandika. Aliyachukua kama agizo, akaenda kwenye anwani iliyotajwa, akaleta kilichokuwako huko. Mfikirie karani wa mapokezi hospitalini anayejaza majina ya wagonjwa. Mtu anafika na kusema kwamba jina lake ni "nenda kwa jirani uchukue panga ulilete hapa", naye karani, badala ya kuliandika au kumkatalia, anaweka kalamu chini na kwenda. Ndivyo ilivyokuwa. Mshambuliaji aliandika agizo lake mahali popote ambapo programu ingeliweka kwenye kumbukumbu, hata kwenye kisanduku cha jina la mtumiaji, na seva ikaenda kuchukua msimbo wake na kuuendesha.

Chen Zhaojun, wa kitengo cha usalama cha Alibaba Cloud nchini China, alitoa taarifa ya tundu hilo kwa watunzaji wa Log4j tarehe 24 Novemba. Kufikia tarehe 10 Desemba dunia nzima ilikuwa inajua, na majaribio ya kuingia kwenye seva yalikuwa yanamiminika. Katika kipimo cha hatari cha hadi 10, lilipewa 10. Watunzaji walitoa toleo 2.15.0; likaonekana halitoshi. Likafuata 2.16.0, kisha 2.17.0, kisha 2.17.1, yote kabla mwezi haujaisha. Waliokuwa wameshasasisha walisasisha tena, na tena.

Swali la kwanza kwa kila msimamizi wa seva lilikuwa jepesi kulitamka: je, sisi tunayo? Wengi hawakuwa na jibu. Hawakukumbuka kama waliiweka. Iliingia na mgeni wa mgeni, ngazi ya tatu au ya nne ya ukoo ule. DHIS2 ilikuwa miongoni mwa programu zilizokuwa nayo, na Oslo wakatoa viraka na maelekezo kwa nchi zinazoitumia. Mwenye toleo la karibuni alichukua kiraka kidogo na kuendelea na siku yake. Aliyekuwa amebaki nyuma matoleo mengi alikuta mlima mbele yake, kwa sababu kwa kawaida Oslo huhudumia matoleo matatu ya mwisho tu; aliye nyuma ya hapo alipaswa kwanza kupanda hatua zote alizozikwepa kwa miaka, sasa akiwa na hofu na haraka.

Kwa nini mtu akwepe? Mimi namwelewa anayekwepa. Mfumo unafanya kazi. Ripoti zinaingia. Ukiugusa na ukaharibika, simu zitatoka mikoa yote, na hakuna atakayekumbuka tundu ulilolizuia. Kuna pia kazi zetu wenyewe zilizojengwa juu yake. HISP Tanzania na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wametengeneza programu zinazokaa juu ya DHIS2, zikiwemo dashibodi na kadi za alama ambazo timu za afya hutumia kujipima. Hizo zina vitegemewa vyake, safari hii vya JavaScript, na huko mambo huenda kasi zaidi. AngularJS ya Google ilitoka mwaka 2010 ikapendwa. Angular mpya ya mwaka 2016 ikaja tofauti kiasi kwamba aliyetaka kuhama aliandika sehemu kubwa upya. Mwaka huohuo wa 2016, mwezi Machi, Azer Koçulu aliondoa vifurushi vyake kwenye ghala la JavaScript liitwalo npm baada ya wenye ghala kuipa kampuni nyingine jina la kimoja kati ya vifurushi hivyo, na kimojawapo, left-pad, chenye mistari 11 tu ya kuongeza nafasi mbele ya maandishi, kilikuwa ndani ya ukoo wa programu nyingi kubwa. Kwa saa kadhaa kazi zikakwama duniani kote, hadi npm wakakirudisha.

Nimekutana na dhana kwamba dawa ni kuandika kila kitu wenyewe. Siiamini. Karani wetu wa kienyeji angekuwa na makosa yake, na asingekuwepo Chen Zhaojun wa kuyaona. Wala siamini katika kuchukua kila toleo jipya siku linapotoka. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye seva yake kwa SSH kunachelewa kwa nusu sekunde. Akafuatilia hiyo nusu sekunde, akakuta kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, maktaba ya kubana mafaili, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri na mtu aliyejiita Jia Tan, aliyetumia zaidi ya miaka miwili kujijengea imani ya mtunzaji mmoja aliyekuwa amechoka. Waliowahi kuchukua toleo jipya ndio waliokuwa hatarini. Waliosubiri wiki chache waliponea hapo.

Kati ya hofu mbili, ya kubaki nyuma na ya kukimbilia mapya, ndipo kazi ilipo, nayo ni ya kila mwezi, kama kupogoa. Kuwa na orodha ya vyote vilivyomo, pamoja na wageni wa wageni. Kuwa na seva ya majaribio yenye nakala ya kweli ya mfumo, ambapo sasisho huvunja vitu bila mtu kuumia. Kupanda toleo moja baada ya jingine na kuchukua nakala rudufu kabla ya kila hatua. Na kujua kalenda ya watu: kusasisha mfumo katika siku za mwanzo wa mwezi, wakati Mratibu wa Tukuyu ana lundo la fomu mezani na mtandao umerudi kwa saa mbili tu, ni kumkosea heshima.

Ngazi nyingine hazikwepeki. Oracle ilipoikabidhi Java ya upande wa seva kwa Eclipse Foundation, haikukubaliana nao juu ya matumizi ya jina. Kwa hiyo mwaka 2020 majina ya sehemu hiyo yaliyoanza na javax yakabadilishwa kuwa jakarta. Spring 6, ya Novemba 2022, ikakubali jakarta tu, na Java 17 kwenda juu. Herufi chache, kwa sababu ya alama ya biashara, na ukoo mzima ukalazimika kuhama kwa pamoja. Nchi yenye watu waliouzoea msimbo huchukulia jambo kama hilo kuwa kazi ya majuma kadhaa. Nchi isiyo nao hungoja ndege itue na mtaalamu.

Ndiyo maana nafurahi nikisikia kijana wa Kiwira au Lufingo anasomea kompyuta pale Iyunga, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilomita zipatazo 70 kutoka Tukuyu. Msimbo wa DHIS2 uko wazi. Hauhitaji barua ya utambulisho. Hata kwa simu, ukiwa umejikinga mvua kwenye kibaraza cha duka pale stendi, unaweza kufungua pom.xml yake na kuiteremsha kwa kidole: hibernate, spring, log4j, na mbele ya kila jina nambari ya toleo. Pembeni yake kuna historia ya kila mstari, nani aliubadilisha na tarehe gani. Baadhi ya mistari hiyo ilibadilishwa siku ambazo muuguzi wa Isongole alikuwa ameinamia Kitabu namba 5, akihesabu watoto wenye homa, bila kujua kwamba usiku uliopita mtu fulani alikesha ili hesabu yake ifike.